Zimwi Likujualo: Ngano, Ucheshi na Mgeni wa Anga katika Urusei Yatsura

Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kuhakiki Urusei Yatsura, mfululizo wa katuni za Kijapani unaosimulia kisa cha binti wa mazimwi anayeshuka duniani kutoka sayari nyingine na kuishia kukaa katika nyumba ya kijana mmoja mkware wa shule ya upili. Huenda mwalimu mwenzangu akauliza: kazi kama hii, tena ya kuchekesha, ina nini cha kumfaa mwalimu wa fasihi ya Kiswahili? Swali hili ni la haki, na ndilo ninalokusudia kulijibu.

Tunapofundisha fasihi simulizi, hasa ngano za mazimwi, aghalabu huwapa wanafunzi orodha ya sifa za kukariri. Zimwi lina ulafi. Zimwi huwafukuza watu. Zimwi lina nguvu nyingi lakini hushindwa kwa akili. Wanafunzi huziandika sifa hizo katika Karatasi ya Tatu, wakapata alama zao, kisha wakazisahau. Jioni, mwanafunzi huyo huyo huchukua simu ya mzazi wake na kutazama katuni kutoka Japani. Nasi katika vyumba vya walimu hulalamika kwamba katuni zimeziua ngano zetu.

Hoja yangu ni kwamba lalama hii ina upungufu, na Urusei Yatsura ni ushahidi mzuri. Wageni wa kazi hii wanasemekana kutoka angani, lakini mhakiki akiwachunguza kwa makini atagundua kwamba wametoka katika ngano za Wajapani wenyewe. Mtunzi amewatoa mazimwi mapangoni, akawapa vyombo vya kusafiria angani, kisha akawaketisha mezani pamoja na binadamu. Chombo alichotumia kufanikisha jambo hilo ni ucheshi. Wahenga walisema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kazi hii inaifanyia majaribio methali hiyo ndefu kwa miaka mingi ya kicheko: je, zimwi likishatujua, nasi tukalijua, bado ni zimwi?

Mtunzi na Kazi Yake

Mtunzi wa kisa hiki ni Rumiko Takahashi, mwanamke aliyezaliwa mjini Niigata, Japani, mwaka 1957. Alianza kukichapisha mwaka 1978 katika jarida la kila wiki la Shōnen Sunday, akiwa na umri wa miaka 20 na angali mwanafunzi wa chuo kikuu. Kilichapishwa kwa mtindo wa hadithi za picha ambazo Wajapani huziita manga. Neno hili lisichanganywe na Manga ya Uarabuni tunayoikumbuka kila tunaponunua pilipili manga. Kisa kiliendelea hadi mwaka 1987, kikakusanywa katika vitabu 34.

Toleo la runinga lilianza kuonyeshwa na kituo cha Fuji mnamo Oktoba 1981, likakamilika Machi 1986 baada ya vipindi 195. Mwelekezi wake mkuu alikuwa Mamoru Oshii hadi mwaka 1984, kisha akafuatwa na Kazuo Yamazaki. Aidha, zilitengenezwa filamu sita kati ya mwaka 1983 na 1991. Kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2024, kisa hicho hicho kilitengenezwa upya kwa vipindi 46. Takahashi alipata Tuzo ya Shogakukan ya mwaka 1980 kwa kazi hii, na mwaka 2019 akatunukiwa tuzo kuu ya tamasha la hadithi za picha la Angoulême, Ufaransa.

Nimeyataja haya kwa sababu moja. Kichekesho cha kawaida hufa upesi. Mzaha wa mwaka huu haueleweki mwaka ujao. Kazi ya kuchekesha inayodumu kwa zaidi ya miaka 40 na kutengenezewa watazamaji wapya lazima iwe imesimama juu ya jambo lililo zito kuliko mzaha wake.

Muhtasari wa Kisa

Viumbe wa anga wanafika duniani wakiwa na nia ya kuiteka. Badala ya kupigana vita, wanatoa nafasi moja: mwakilishi wa binadamu ashindane na mwakilishi wao katika mchezo wa kukimbizana. Kompyuta yao inamteua binadamu huyo kwa bahati nasibu. Jina linalotoka ni Ataru Moroboshi, mwanafunzi mvivu na mkware katika mji wa Tomobiki. Mpinzani wake ni Lum, binti wa kiongozi wa wageni hao. Ataru amepewa siku kumi kumkamata Lum kwa kuzishika pembe zake mbili. Shida ni kwamba Lum anaweza kuruka hewani.

Siku zinayoyoma na Ataru hafanikiwi. Rafiki yake wa kike, Shinobu, anamtia moyo kwa kumwahidi kwamba akishinda watafunga ndoa. Siku ya mwisho Ataru anazishika pembe za Lum kwa kutumia hila, huku akipiga kelele kwa furaha kwamba sasa ataoa. Lum anadhani maneno hayo ameambiwa yeye. Anayakubali. Dunia inaokolewa, lakini Ataru anajikuta na mchumba asiyemwomba. Lum anahamia nyumbani kwa kina Moroboshi na baadaye anajiunga na shule ya Ataru. Kila Ataru anapowaandama wasichana wengine, Lum humpiga kwa umeme unaotoka mwilini mwake. Huu ndio msingi wa kisa chote.

Ngano Iliyoanzia Mwisho

Tukitazama muundo, tutaona kwamba Takahashi anaijua ngano na anaipindua makusudi. Mtaalamu wa Kirusi, Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa mwaka 1928 kuhusu ngano za Kirusi, alibainisha majukumu 31 yanayofuatana. Shujaa huondoka nyumbani, hujaribiwa, hupambana na adui, hupewa kazi ngumu, hushinda, na jukumu la mwisho kabisa ni kuoa. Ngano hufika hapo ikanyamaza. Fanani husema kwamba waliishi raha mustarehe, nasi tukaenda zetu kulala.

Katika Urusei Yatsura, majukumu hayo yote yanamalizika katika sehemu ya kwanza. Kuna adui, kuna kazi ngumu, kuna ushindi, na kuna uchumba. Kwa mujibu wa kanuni za ngano, kisa kingekoma hapo. Badala yake hapo ndipo kinapoanza. Takahashi anauliza swali ambalo fanani hakuwahi kuulizwa: je, asubuhi iliyofuata ilikuwaje? Nani alipika? Mama mkwe alisemaje? Zimwi lilipofika shuleni, mwalimu wa darasa alifanya nini?

Isitoshe, nafasi za wahusika zimechanganywa. Katika ngano ya kawaida, zimwi humteka binti na shujaa humwokoa. Hapa zimwi na binti ni mhusika mmoja. Shujaa ameshinda tuzo asiyoitaka, na aliyemtaka amemkosa kwa sababu ya ushindi wenyewe. Hiki ni kinaya kikubwa, na ndicho kinachozalisha kicheko cha vipindi vinavyofuata.

Jambo la tatu ni mchezo wenyewe. Watoto wa Japani wana mchezo wa kukimbizana uitwao onigokko, yaani mchezo wa oni. Oni ni zimwi la Kijapani. Katika mchezo huo, mtoto anayewafukuza wenzake ndiye huitwa oni. Sasa tazama: katika kisa hiki Lum, ambaye ni oni wa kweli, ndiye anayekimbia. Binadamu ndiye anayefukuza. Kwa kanuni ya mchezo wenyewe, zimwi ni Ataru. Mtunzi hasemi jambo hili waziwazi, lakini mtazamaji wa Kijapani aliyeucheza mchezo huo utotoni analipata bila kuelezwa.

Anwani na Majazi

Anwani ya kazi hii ni funzo zuri la mchezo wa maneno. Neno urusai katika Kijapani lina maana ya kelele au usumbufu, na katika mazungumzo ya ovyo hutamkwa urusei. Yatsura ni namna ya kuwataja watu fulani kwa dharau kidogo. Kwa hivyo mtu akiisikia anwani hii, anasikia kitu kama "hao wasumbufu". Hata hivyo, silabi sei imeandikwa kwa alama yenye maana ya nyota. Sikio linapata wasumbufu huku jicho likipata nyota. Mgeni wa mbali na jirani mwenye kelele wamewekwa ndani ya neno moja kabla hata kisa hakijaanza.

Majazi yametumika vilevile. Moroboshi ni jina lenye maana ya nyota nyingi. Ataru ni kitenzi chenye maana ya kugongwa, na pia hutumiwa kwa mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kijana huyu basi ni yule aliyegongwa na nyota na pia aliyeangukiwa na kura. Yote mawili yanamtokea. Tunaelezwa kwamba alizaliwa Ijumaa ya tarehe 13, siku ya mkosi katika kalenda ya jadi, wakati wa tetemeko la ardhi. Mama yake hachoki kusema kwamba anajutia kumzaa.

Mji wa Tomobiki nao una jina la siku mojawapo katika mzunguko wa siku sita wa kalenda hiyo ya jadi. Jina hilo huandikwa kwa alama mbili, moja ya rafiki na nyingine ya kuvuta. Wajapani wengi huepuka kuzika siku hiyo kwa kuhofia kwamba marehemu atawavuta marafiki zake. Mtunzi amelichukua neno la msiba akalifanya jina la mji. Na kweli, Tomobiki ni mji unaovuta: kila kiumbe anayepita angani huishia hapo, na wachache huondoka.

Mazimwi Waliogeuka Majirani

Lum amevaa mavazi mafupi ya milia kama ya chui milia, na ana pembe kichwani. Mtazamaji asiyejua atadhani ni mapambo tu. Ukweli ni kwamba oni katika michoro ya kale ya Kijapani huwa na pembe na hujifunga ngozi ya chui milia kiunoni. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba mashetani hao waliaminika kutoka upande wa kaskazini-mashariki, ambao katika dira ya jadi uliitwa kwa majina ya ng'ombe dume na chui milia. Kutoka kwa ng'ombe wakapata pembe, na kutoka kwa chui milia wakapata vazi. Kila mwaka mwanzoni mwa Februari, katika sherehe ya Setsubun, Wajapani hurusha soya zilizokaangwa ili kumfukuza oni nyumbani. Nayo ngano ya Momotarō, ambayo kila mtoto wa Japani huijua, inasimulia jinsi kijana huyo alivyokwenda katika kisiwa cha mazimwi akawashinda. Kwa ufupi, oni ni yule ambaye mila inasema atupwe nje. Takahashi amemwingiza ndani, akampa chumba.

Marafiki wa Lum wametoka ghala hilo hilo. Oyuki, malkia wa sayari baridi ya Neptune, ni yule mwanamke wa theluji wa masimulizi ya kale ambayo Lafcadio Hearn aliyaandika kwa Kiingereza katika kitabu chake Kwaidan cha mwaka 1904. Kurama ni binti wa tengu, viumbe wenye mabawa wanaohusishwa na mlima Kurama karibu na Kyoto. Benten, anayeendesha pikipiki ya anga kama kijana wa mtaani, ni Benzaiten, mwanamke pekee miongoni mwa miungu saba ya bahati.

Mfano wa Benten unastahili kuangaliwa zaidi. Benzaiten si wa asili ya Japani. Ni Sarasvati wa Wahindi, aliyefika Japani pamoja na dini ya Buddha karne nyingi zilizopita, akakaa, akajengewa mahekalu, hata ikawa hakuna anayemwita mgeni. Kumbe hata ndani ya hazina ya mila yenyewe kuna wageni waliokwisha kuwa wenyeji. Takahashi anapomleta tena kama mgeni wa anga, anamrudisha katika hali yake ya kwanza.

Wakati huo huo, zile sifa za zimwi tunazowakaririsha wanafunzi zimegawiwa binadamu. Ulafi umepewa mtawa wa Kibuddha aitwaye Cherry, anayetokea bila kualikwa, akatabiri balaa, kisha akala chakula cha watu. Kufukuza wasichana ni kazi ya Ataru. Kiburi na silaha ni vya Mendo, mwana wa tajiri anayeogopa giza. Mtazamaji akitafuta zimwi katika mji wa Tomobiki kwa kutumia orodha yetu, atalipata, lakini halitakuwa na pembe.

Ucheshi huu unagusa pia mambo ya nchi na uchumi. Katika kipindi kimoja cha mwanzoni, Ataru anapanda teksi ya anga kwa safari fupi. Nauli inapohesabiwa, inakuwa ni mafuta yote yaliyoko duniani. Japani huagiza karibu mafuta yake yote kutoka nje, na mwaka 1973 ilikuwa imetikiswa na kupanda ghafla kwa bei ya bidhaa hiyo. Watazamaji wa wakati huo hawakuhitaji maelezo. Chuku hapa imetumika kuonyesha jinsi nchi nzima inavyoweza kutegemea kitu kimoja ambacho mkono wa mtu mwingine unaweza kukichukua. Mwalimu anayetafuta mfano wa chuku yenye lengo, tofauti na chuku ya kutia chumvi tu, ana mfano hapa.

Lugha ya Mgeni

Mwalimu wa lugha atavutiwa na jinsi Lum anavyozungumza. Hamalizi sentensi kwa viishio vya Kijapani sanifu. Anamalizia kwa datcha, kiishio kinachofanana na lahaja za kaskazini-mashariki. Binamu yake mdogo, Ten, anayetema moto, anazungumza lahaja ya eneo la Kansai, kule Osaka. Kwa maneno mengine, wageni kutoka sayari nyingine wanasikika kama watu waliotoka mkoani. Umbali wa nyota umepunguzwa ukawa umbali wa lafudhi.

Vilevile, Lum hujiita uchi. Msomaji wa Kiswahili avumilie, kwani katika Kijapani neno hili halina aibu yoyote. Ni kiwakilishi cha nafsi ya kwanza kinachotumiwa zaidi na wanawake wa magharibi mwa nchi, na asili yake ni neno lenye maana ya ndani au nyumbani. Binti aliyetoka mbali kuliko wote ndiye anayejitaja kila mara kwa neno la nyumbani. Naye Lum humwita Ataru kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpenzi, lililotoholewa kuwa dārin. Katika sentensi moja ya Lum kuna lahaja, utohozi na kuchanganya ndimi, na hakuna mhusika anayemsahihisha.

Hili lina uzito kwetu. Katika madarasa yetu, mwanafunzi aliyetoka eneo jingine akisoma kwa sauti, lafudhi yake huchekwa kabla hajamaliza aya. Kicheko hicho humfunga mdomo kwa muhula mzima. Katika Urusei Yatsura watazamaji wanacheka sana, lakini wanachocheka ni vitendo vya wenyeji. Lafudhi ya mgeni imeachwa iwe sehemu ya mvuto wake. Mwandishi wa futuhi ana uamuzi wa kufanya kila mara: nani achekwe? Takahashi aliamua mapema, na mara nyingi hakubadili uamuzi huo.

Kasoro za Kazi

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tu. Kasoro ya kwanza ni kurudiarudia. Vipindi vingi vina muundo mmoja: Ataru anamwona msichana, anamwandama, Lum anakasirika, umeme unapiga, jengo linaporomoka. Ni kweli kwamba takriri ni sifa ya ngano na kwamba hadhira hufurahia kukisubiri inachokijua. Hata hivyo, ngano husimuliwa kwa usiku mmoja. Vipindi 195 ni vingi, na baadhi havina jipya.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Ukware wa Ataru umefanywa kuwa mzaha. Ile hila aliyoitumia kushinda mbio ilikuwa kumpokonya Lum vazi la juu ili mikono yake iwe na kazi nyingine. Kazi hii ilichapishwa kwanza katika jarida la wavulana, na mavazi ya Lum yanaonyesha hivyo. Kwamba mtunzi ni mwanamke hakuondoi tatizo. Mtu anaweza kujitetea kwamba Ataru huadhibiwa kila mara. Lakini adhabu isiyomrekebisha mtu inageuka kuwa sehemu ya mchezo, na msichana anayewindwa anabaki kuwa kichekesho. Mwalimu hawezi kulionyesha darasa kazi hii yote bila kuchagua. Aidha, Lum mwenyewe, pamoja na nguvu zake zote, maisha yake yanamzunguka kijana mmoja asiyemtendea haki.

Ni muhimu kutambua, hata hivyo, kwamba kazi hii ina chembechembe za kujihakiki. Ryūnosuke Fujinami ni msichana aliyelelewa kama mvulana na baba anayetaka mrithi wa mkahawa wake wa ufukweni. Msichana huyu anatamani kuvaa sare ya kike, na kila mara baba yake anamzuia. Vipindi vyake vinachekesha, lakini swali lililomo si la mzaha: nani ana haki ya kuamua mtoto awe nani? Hapa ucheshi wa Takahashi uko upande wa aliyenyimwa sauti. Laiti ungekuwa hivyo kila mahali.

Neno Lisilosemwa

Kisa cha mwisho, kilichochapishwa mwaka 1987 na kutengenezewa filamu mwaka 1988, kinaturudisha kwenye mbio. Kutoelewana kumezuka kati ya wawili hao, na Lum anataka jambo moja tu: Ataru atamke kwamba anampenda. Mchezo wa kukimbizana wa siku kumi unarudiwa. Ataru asipomkamata Lum, wageni wote wataondoka na kumbukumbu za binadamu kuwahusu zitafutwa. Angeweza kuyamaliza yote kwa kusema neno lile. Hasemi. Anakataa kwamba mapenzi yake yapimwe kwa neno lililotolewa kwa kulazimishwa, na badala yake anamkimbilia Lum hadi nguvu zinamwishia.

Mwishowe wanapatana bila neno hilo kutamkwa. Lum anaapa kwamba atamfanya alitamke hata ikimchukua maisha yake yote. Ataru anajibu kwamba atalitamka siku ya kufa kwake. Kwa haraka jibu hili ni la mkaidi. Tukilitafakari, tunaona ni ahadi ya kukaa pamoja hadi mwisho. Ikumbukwe kwamba uchumba wao ulianza kwa neno lililosikika vibaya. Ataru alipiga kelele za kuoa akimfikiria mwingine, na Lum akaliamini neno hilo. Baada ya miaka hiyo yote neno limekosa thamani, na kilichobaki ni mwenendo. Katika mbio za kwanza Ataru alimkimbiza ili apate kumwoa Shinobu. Katika mbio za mwisho anamkimbiza Lum ili asiondoke.

Jibu la swali tulilouliza mwanzoni liko hapa. Adhabu kubwa kuliko zote ambayo kisa hiki kinaweza kuifikiria ni binadamu kusahau kwamba waliwahi kuishi na mazimwi. Mwanzoni kufika kwao kulikuwa tishio. Mwishoni tishio ni kuondoka kwao.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Urusei Yatsura, licha ya wepesi na kasoro zake, ni kazi iliyojengwa juu ya fasihi simulizi, na kwamba ucheshi wake una kazi ya kufanya: kumtoa zimwi katika orodha ya sifa na kumfanya mtu wa kujuana naye. Wajapani hawakuziokoa ngano zao kwa kuzifungia katika vitabu vya kiada peke yake. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alizichukua, akazicheka kwa upendo, akazipandisha vyombo vya anga.

Kwa mwalimu mwenzangu, ningependekeza zoezi hili. Waambie wanafunzi walete ngano moja ya zimwi waliyosimuliwa na bibi au babu zao. Kisha wamkalishe zimwi huyo kwenye dawati la Kidato cha Pili na waandike juma lake la kwanza shuleni. Sharti liwe moja: zimwi abaki na sifa zake zote za asili, kama vile Lum alivyobaki na pembe, milia na umeme. Akipoteza sifa hizo atakuwa mwanafunzi wa kawaida mwenye jina la ajabu, na zoezi litakuwa limeharibika. Mwanafunzi atalazimika kurudi kwa bibi kuuliza maswali ambayo kitabu hakiyajibu: zimwi huyu hula nini hasa, huogopa nini, huzungumza vipi? Maswali hayo ndiyo utafiti nyanjani tunaoufundisha kwa nadharia.

Tukikutana na mwanafunzi anayetazama katuni za Kijapani, basi, tumuulize kwanza zimwi wa katuni hiyo ametoka wapi. Huenda asijue. Tumsaidie kutafuta, kisha tumuulize wa kwao yuko wapi.